Nyota zile zile, jiko lile lile: kwa nini mchana Ufaransa unalipa nusu ya bei ya usiku?

Msaka Meza #1
Wakuu, salaam. Mikahawa mingi ya Ufaransa yenye nyota za Michelin, kile kitabu kinachopima mikahawa, ina menyu ya mchana (mlo wa sahani kadhaa kwa bei moja) inayouzwa nusu ya ile ya usiku, pengine hata chini ya hapo. Mpishi mkuu ni yule yule, vitambaa vya meza ni vile vile, nyota hazishuki jua likiwa juu. Hoja yangu: anayeweka nafasi usiku analipia giza. Mwenye sababu ya maana aje nayo.

Kisu Butu #2
Chakula si kile kile, na hapo ndipo hoja yako inavuja. Usiku unapata sahani saba au nane: kamba wa bei, samaki turbot, njiwa, kaviari. Mchana ni tatu au nne: kibua, shavu la ng'ombe, bega la mwanakondoo. Shavu lina nyuzi ngumu, linapikwa moto mdogo kwa muda wa saa sita hadi nane, na linaiva tangu jana yake. Mchana linapashwa tu ndani ya sosi yake na kumwagiwa juujuu hadi ling'ae. Njiwa hapikwi kabla hujaketi. Anakaangwa upande wa ngozi, anaingia oveni, anatolewa, anapumzishwa karibu muda ule ule aliokaa motoni, ndipo anakatwa. Akizidi dakika mbili kifua kinakuwa kijivu na anatupwa. Kuna mtu amesimama kwa ajili yake tu. Unalipia mzigo, yaani nyama na samaki wenyewe, na mikono.

Bi Mizani #3
Mikono nakubali, mzigo nusu nusu. Chukua mgahawa wa L'Arpège wa Paris. Mpishi wake Alain Passard alipata nyota ya tatu 1996, akaondoa nyama nyekundu kwenye menyu 2001, akaanza kulima mboga zake mwenyewe, na nyota zote tatu zikabaki. Kiazisukari na kitunguu vilichukua nafasi ya nyama, na mgahawa ukabaki miongoni mwa ghali kabisa mjini. Bei ingekuwa inafuata mzigo, ingeporomoka.

Kinachokula pesa ni watu. Mikahawa mingi ya nyota tatu ina karibu mfanyakazi mmoja kwa kila mteja ukumbini. Wale wa jikoni wanaingia asubuhi kuchemsha mifupa, kusafisha samaki na kuumua mkate wa usiku. Mishahara na kodi ya jengo vinalipwa ule usile. Ndiyo maana mchana wanaridhika na bei ndogo: kila meza iliyojaa inasaidia kulipa gharama ambazo tayari zipo.

Ngoja Waje #4
Naweka kigoda hapa. Ila mgahawa wa nyota tano lazima uwe ghali, mnashangaa nini?

Mzee wa Kitabu #5
Nyota tano ni za hoteli, kijana. Michelin mwisho ni tatu. Kitabu kilianza 1900, kampuni ya matairi ikikigawa bure kwa wenye magari. Kikaanza kuuzwa 1920, nyota ya kwanza ikaja 1926, ya pili na ya tatu mwanzoni mwa miaka ya 1930. Moja maana yake inafaa kusimama, mbili inafaa kupinda njia, tatu inafaa kufunga safari kwa ajili yake.

Nyota zinatazama mambo matano: ubora wa mazao, ustadi wa kupika, ulinganifu wa ladha, tabia ya mpishi inayoonekana kwenye sahani, na uthabiti, yaani chakula kisiyumbe kutoka ziara moja hadi nyingine wala kutoka sahani moja hadi nyingine. Vitambaa, maua na upole wa wahudumu havimo. Kwa miaka mingi kitabu kilivipa alama zake za uma na kijiko.

Msaka Meza #6
Mzee umenisaidia bila kujua. Kama uthabiti unapimwa kwenye menyu nzima, basi sahani ya mchana haiwezi kuwa ya daraja la pili. Wakaguzi wanakula bila kujitambulisha na wanalipa bili kama sisi. Jiko halijui ni nani kaketi meza ya nne saa saba mchana. Kisu Butu anatuambia mchana ni kiporo kilichopashwa. Chagueni.

Kisu Butu #7
Sijasema kiporo, usiniwekee maneno mdomoni. Kupika kwa bei ndogo si kupika vibaya. Tazama viazi vya kuponda vya mpishi Joël Robuchon, vilivyojulikana kuliko nyama zake zote. Kilo moja ya viazi vidogo aina ya ratte, vinachemshwa na maganda ili visinywe maji. Vinamenywa vingali moto, vinapitishwa kwenye kinu cha mkono, vinarudishwa sufuriani kukaushwa dakika nne au tano. Hapo inaingia robo kilo ya siagi baridi, kipande kwa kipande, huku unakoroga kwa nguvu, kisha maziwa ya moto kidogo kidogo, mwisho chujio laini. Ukitumia blenda umekwisha: wanga unapasuka na unapata gundi. Kiazi ni cha bei ya chini na nyota tatu zilikaa pale pale.

Kwa hiyo mchana jiko linachagua kitu kinachovumilia kungoja. Usiku linauza kisichongoja. Tofauti ya bei imo humo.

Chupa Tupu #8
Nyote mmekaa kwenye sahani, hesabu iko kwenye glasi. Menyu ya mchana ni chambo. Piga bili ya mfano ya mtu mmoja: menyu euro 90. Umeketi tu, kigari cha Champagne, mvinyo wa mapovu, kimefika, umetikisa kichwa: 25. Glasi mbili za mvinyo kwa 18: 36. Chupa ya maji 9. Kahawa 8. Jumla 168, na hujaongeza jibini.

Chupa ya sentilita 75 inatoa glasi sita za sentilita 12. Mvinyo wa mgahawa huuzwa mara tatu hadi nne ya bei ya kununulia, na kwa glasi huzidi hapo. Wale wanaojivunia kula nyota kwa 90 wanatoka na bili ya mtu wa usiku asiyekunywa.

Dawa yake ni fupi. Kigari kikija, uliza bei ya glasi kabla ya kuitikia. Si utovu wa adabu, na mhudumu mzuri anajibu bila kubadilisha sura. Seti ya mvinyo ya kuandamana na menyu, uliza ni glasi ngapi na sentilita ngapi. Glasi sita za sentilita 8 ni 48, yaani chini sana ya chupa. Watu wawili wakati mwingine wanafaidi zaidi kwa chupa moja nzuri.

Bi Mizani #9
Chupa Tupu, hiyo 9 ya maji ifute. Maji ya bomba kwenye jagi pamoja na mlo ni bure Ufaransa, na siku hizi sheria inataka menyu au tangazo la ukumbini liseme wazi kuwa mteja anaweza kuyaomba. Wakiuliza "yenye gesi au bila gesi?", wanakuuzia chupa. Sema *une carafe d'eau*, yaani jagi la maji, basi. Hata nyota tatu wataleta.

Na chambo chenyewe kina mwiba. Chakula kinatozwa VAT ya asilimia 10, pombe 20, na bei zote zilizoandikwa zina kodi ndani. Kwenye menyu ya 90, mgahawa unabaki na 81.82. Kwenye Champagne ya 25 unabaki na 20.83. Faida ipo, ila si yote unayoiona kwenye karatasi.

Ngoja Waje #10
Na asilimia 15 ya bakshishi mbona hamjaiweka?

Meza ya Kona #11
Kwa sababu imo ndani. Bei inayooneshwa mgahawani Ufaransa lazima iwe na huduma humo humo. Chini ya menyu utaona *service compris*, yaani huduma imo, pengine na hiyo 15 imetajwa. Ukiongeza 15 nyingine juu umelipa huduma mara mbili. Ukiridhika, acha noti mezani, euro tano, kumi, ishirini kwa meza kubwa; usipoacha hakuna atakayekufuata mlangoni. Siku hizi baadhi ya mashine za kadi zinauliza asilimia. Bonyeza kutokuongeza, kisha endelea na maisha.

Jambo la pili: bili haiji bila kuitwa. Watu wanakaa nusu saa wamenuna wakidhani wamesahauliwa. Kwa Wafaransa kuleta bili bila kuombwa ni kumfukuza mgeni.

Shabiki wa Lyon #12
Uzi mtamu. Naongeza sababu nyingine kwa ile hoja ya #1: mchana nyota "inakaa kwa wasaidizi". Nyota ni ya mpishi, na mpishi mkuu mwenyewe mchana mara nyingi yuko kwenye mikutano na kamera. Bei inashuka kwa kuwa yeye hayupo.

Mzee wa Kitabu #13
Hapana. Nyota ni ya nyumba, si ya mtu. Mpishi akihama haendi nayo. Anaanza upya, na nyumba aliyoiacha inakaguliwa upya. Na wewe ukijiita shabiki wa Lyon ungejua mfano ulio karibu: mgahawa wa mpishi Paul Bocuse pale Collonges-au-Mont-d'Or, jirani na Lyon, ulikuwa na nyota tatu tangu 1965. Bocuse akafariki Januari 2018, nyota zikabaki, na ya tatu ikaondolewa Januari 2020.

Wala mwenye nyumba hana sauti ya mwisho. Mpishi Sébastien Bras, mwenye mgahawa pale Laguiole, aliomba 2017 atolewe kitabuni, toleo la 2018 likamwacha nje, toleo la 2019 likamrudisha na nyota mbili bila kuombwa. Mpishi mwingine, Marc Veyrat, alikwenda mahakamani baada ya kupunguziwa nyota 2019, akishuku mkaguzi alidhani sufle yake, kile chakula cha mayai kinachoumuka, ina cheddar, jibini la Kiingereza. Alishindwa.

Shabiki wa Lyon #14
Nakubali la Bocuse. Ila jikoni aliyeshika kijiko mchana ni nani? Hilo hujajibu.

Kisu Butu #15
Msaidizi mkuu, mchana na usiku. Kwenye jiko la watu ishirini mpishi mkuu anasimama mlangoni, anasoma oda, anaonja sosi, anapangusa ukingo wa sahani. Hakaangi. Kwa hiyo hiyo sababu yako haina miguu.

Lakini muda una uzito. Mchana wa sahani tatu unamalizika kwa saa mbili. Menyu ndefu ya usiku inachukua muda wa saa tatu hadi nne, na meza haigeuzwi: ukikaa wewe, imekwisha kwa siku hiyo. Usikate tiketi ya treni ya saa nane na nusu mchana kama umeweka meza saa sita na nusu, halafu ukaanza kuwaharakisha. Na menyu ndefu huchukuliwa na meza nzima. Wakikataa wawili wachukue ndefu na wawili fupi, si ukaidi: sahani nne lazima zitoke kwa pamoja, na mwenye fupi angekaa akitazama wenzake saa nzima.

Kitu kingine kinachovuruga jiko ni mtu kuinuka wakati sahani iko njiani. Samaki aliyepikwa hadi nyuzi 48 katikati hangoji chini ya taa. Anaendelea kuiva hadi anakauka. Nyumba nzuri inampika upya, na kwa kuwa sahani zinatoka pamoja, zile nyingine tatu zinapikwa upya pia. Nenda msalani mara tu sahani zinapoondolewa.

Dua Njema #16
Asanteni kwa elimu. Kwa asiyetumia pombe wala nguruwe, menyu hizi zinafaa? Naona sosi zote zina mvinyo.

Kisu Butu #17
Zinafaa kama umesema mapema, yaani wakati wa kuweka nafasi, si ukishaketi. Sababu ni hii: supu ya mifupa inayobeba sosi inapikwa siku moja au mbili kabla, na mvinyo huingia mwanzoni, unachemshwa hadi karibu kukauka ndipo supu inamiminwa. Ukiketi saa sita na nusu na kusema hapo hapo, hakuna sosi nyingine. Utapewa samaki na siagi ya limau huku wenzako wanakula kitu kingine kabisa.

Usidanganywe kuwa "pombe yote inaruka". Vipimo vya Wizara ya Kilimo ya Marekani vinaonesha kilichowashwa moto mezani kinabaki na asilimia 75 hivi ya pombe, kilichochemka dakika 15 asilimia 40, na kilichochemka saa mbili na nusu asilimia 5.

Taja haya kwa majina: pombe kwenye sosi, pombe kwenye vitamu (keki iitwayo "baba" inayoloweshwa pombe, krimu zenye konyaki), mafuta na vipande vya nguruwe kwenye mboga, na gelatini. Gelatini ndiyo inayosahaulika. Iko kwenye povu na jeli nyingi na mara nyingi ni ya nguruwe. Ukisema "sili nguruwe" tu, mhudumu anafikiria nyama.

Mzio ni suala jingine. Sheria inawataka waweke kwa maandishi vizio 14 vilivyomo kwenye kila sahani. Omba hiyo orodha, usitegemee kumbukumbu ya mhudumu.

Chupa Tupu #18
Na nyumba nyingi sasa zina seti ya vinywaji visivyo na pombe: maji ya matunda yaliyochujwa, chai baridi, na kombucha, yaani chai ya chachu. Hiyo ya mwisho inachachuliwa na hubaki na pombe kidogo, uliza. Bei yake haiko mbali na mvinyo, usishtuke.

Kwa wanaokunywa: somelie, yaani mhudumu wa mvinyo, akikumiminia tone la kuonja, hakuulizi kama umeupenda. Anauliza kama ni mzima. Unatafuta harufu ya kadibodi mbichi iliyoloa, inayotokana na kizibo kilichoharibika. Ukiipata, sema kwenye glasi ya kwanza. Chupa inabadilishwa bila malipo. Ukisema baada ya nusu chupa umeinunua. Kizibo akikiweka mezani tazama tu kama kimeandikwa jina la chupa hiyo. Kukinusa hakukuambii kitu.

Meza ya Kona #19
Kabla ya kufika kwenye tone la kuonja kuna nafasi yenyewe. Wengi wanataka namba ya kadi. Hawakati kitu, wanaiweka kama dhamana tu, lakini soma mstari wa kufuta: ukifuta zikiwa zimebaki chini ya saa 48 au 72 kabla ya mlo, wanakata kiasi kilichotajwa kwa kila kichwa. Na kichwa ni kichwa: umeweka meza ya wanne mkaja watatu, yule mmoja unamlipia. Piga simu mapema hata kama ni asubuhi ile ile. Meza ikipata mtu mwingine wengi wanaachilia.

Ukitangulia kulipa, tafuta ni neno gani limeandikwa. Likiwa *arrhes*, ukijitoa unapoteza ulichotoa, na mgahawa ukijitoa wenyewe unakurudishia mara mbili. Likiwa *acompte*, umefunga mkataba na unaweza kudaiwa hata zaidi.

Bi Mizani #20
Ongeza: kama mkataba hausemi neno lolote, sheria ya walaji inachukulia ni *arrhes*. Ila wanaouza mlo wote mapema kama tiketi ya tamasha wana masharti yao, na humo ndimo wengi wananaswa.

Narudi kwenye swali. Kuna jambo hakuna aliyeligusa: menyu ya mchana karibu kila mahali ni ya siku za kazi tu. Jumamosi na sikukuu haipo, na nyumba nyingi Jumapili na Jumatatu zimefunga, Agosti pia. Ingekuwa bei inafuata jua, Jumamosi mchana ingekuwa nafuu. Inafuata wateja: siku za kazi ukumbi unajazwa na watu wa biashara wenye saa mbili na bajeti ya ofisi, na bajeti hizo zina kikomo.

Msaka Meza #21
Bi Mizani sasa una sababu mbili zinazogombana. #3 ulisema mchana wanajaza viti vitupu, sasa unasema viti vinajazwa na watu wa ofisi. Vitupu au vimejaa?

Bi Mizani #22
Vimejaa kwa sababu bei ni ile. Ipandishe uone.

Shabiki wa Lyon #23
Wakati mnagombana, mkate wenu unapoa. Onyo kwa wageni: mkate wa chachu na siagi ya chumvi vinakuja kabla ya kila kitu na mhudumu anaongeza bila kikomo. Vipande vitatu na hutaona njiwa. Uwekeni pembeni, upande wa kushoto, mvunje kwa mkono.

Jibini linakuja kabla ya kitamu, na kwenye kigari mhudumu ndiye anayekata. Tatu hadi tano zinatosha. Anazipanga kuzunguka sahani kutoka lenye ladha ya upole kwenda kali: Saint-Nectaire, Comté ya miezi 24, Époisses, mwisho Roquefort. Ukianza na Roquefort, zilizobaki utaonja chumvi tu. Uliza kama jibini limo kwenye menyu au ni nyongeza.

Ngoja Waje #24
Na yule anayekuja na uyoga mweusi na kikwangulio akiuliza "nikuwekee trufi kidogo?", hiyo si ukarimu wa nyumba?

Kisu Butu #25
Ni nyongeza, na mara nyingi haijaandikwa popote. Uliza "kwa euro ngapi?" kabla hajaanza kukwangua. Halafu tazama kalenda: trufi nyeusi ya Ufaransa ni ya Desemba hadi mwanzo wa Machi. Ukiikuta Julai ni ile ya kiangazi, harufu hafifu na bei ya chini sana sokoni, au imetoka Australia. Ile ya kiangazi ndani ni ya kahawia hafifu, ile ya kweli nyeusi yenye mishipa myeupe.

Meza ya Kona #26
Kwa walioshindwa kumaliza: tangu Julai 2021 mgahawa Ufaransa lazima ukupe chombo cha kubebea ukiomba. Nyota hazina msamaha. Chupa iliyobaki nusu nayo inazibwa unaondoka nayo.

Ngoja Waje #27
Kwa hiyo na kigari cha jibini kinafungwa?

Bi Mizani #28
Ulichokatiwa, ndiyo. Kigari ni cha meza inayofuata.

Msaka Meza #29
Ambayo ni ya mchana, kwa nusu bei. Bado nangoja jibu.